Ubao wa Maono Usio na Jumatatu

Mwanzoni mwa muhula wa kwanza wageni walikuja shuleni kwetu hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka na Kenya, wakiwa na boksi la majarida, chupa za gundi na karatasi za manila za rangi nne. Wanafunzi wa S3, yaani mwaka wa tatu wa sekondari, waliambiwa watengeneze ubao wa maono: kata picha za maisha unayoyataka, bandika, andika jina lako juu, tundika ukutani. Kazi ilikwisha kabla ya uji wa saa nne. Nilipopita kukagua nilikuta gari moja jeusi limejirudia kwenye karatasi nne, maana majarida mengi yalikuwa ya toleo lilelile, na jiko la marumaru ambalo hakuna mama wa Busia angethubutu kusongea posho, yaani ugali, ndani yake. Wavulana watatu walikuwa marubani. Wasichana wengi walikuwa madaktari, na karibu wote walikuwa na sura ya mama mmoja wa Kizungu aliyevaa koti jeupe, kwa kuwa ndiye daktari pekee aliyepatikana kwenye boksi. Wageni wakapiga picha, wakatushukuru, wakaenda zao.

Sina ugomvi na ubao wenyewe. Nitautumia tena, na nimekwisha kumwomba mwalimu mkuu asigawe manila zilizobaki. Kinachonisumbua ni kwamba mbao za wanafunzi wetu zina Jumapili tu. Nyumba imekwisha kupakwa rangi, gari limeoshwa, watoto wamekaa zuliani. Jumatatu haimo. Huoni mwenye nyumba huamka saa ngapi, humtii nani, huchoshwa na nini, alifeli wapi, na nani alimlipia karo. Kijana wa miaka kumi na sita akikosa kuijua Jumatatu ya kazi anayoitaka, alichobandika ni tangazo la biashara la mtu mwingine.

Kwa kuwa nafundisha Kiswahili, siwezi kulipita jina hili kimyakimya. Wapo wanaosema ubao wa ndoto, wengine ubao wa malengo. Ndoto humjia mtu usingizini na haimdai kitu akiamka. Lengo lina kulenga ndani yake: jicho moja limefumbwa, mkono umetulia. Maono, huku kwetu, yameshika harufu ya mimbari. Mchungaji ana maono, chama kina maono, hata kampuni ya mabasi ina maono yaliyoandikwa mlangoni. Nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo linaloeleweka. Ila darasani nimeanza kuwauliza wanafunzi watofautishe njozi na matarajio, na mjadala ule umenirahisishia kuelewa jambo ambalo wanasaikolojia wamelichunguza kwa muda mrefu.

Gabriele Oettingen, aliyefanya kazi Ujerumani na Marekani, ndiye aliyezitenganisha dhana hizi mbili kwa makini zaidi. Matarajio ni hukumu: ukitazama uliyokwisha kuyafanya, unaona una nafasi. Njozi ni picha tamu inayopita kichwani bila kuulizwa ushahidi. Katika utafiti alioutoa na Doris Mayer mwaka 2002, wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani waliokuwa wakitafuta kazi walifuatiliwa kwa miaka miwili. Wenye matarajio mazuri walifika mbali zaidi. Wale waliokuwa wakijitazama kwenye njozi tamu mara kwa mara walituma maombi machache, wakaitwa kazini mara chache, na hata mishahara yao ikawa midogo. Maelezo yake ni kwamba akili hula shibe ya picha na mwili unalegea, kama vile umeshafika.

Upande wa wanafunzi, mfano ulio karibu zaidi na ukuta wetu ni wa Lien Pham na Shelley Taylor, uliochapishwa mwaka 1999. Wanafunzi wa chuo kikuu huko California waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani waliombwa wafumbe macho dakika chache kila siku. Kundi moja lilijiona likipata alama nzuri na kufurahi. Kundi jingine lilijiona limekaa na vitabu, limezima televisheni, limekataa mwaliko wa rafiki. Hawa wa pili walianza kusoma mapema, wakasoma zaidi, wakapata alama za juu. Wale walioishia kuitazama alama walisoma saa chache na wakapata alama za chini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tumempa mtoto picha kubwa ya cha mvunguni, yenye rangi zote, tukasahau kumwonyesha kitanda.

Miongoni mwa mbao zile kulikuwa na Mganda mmoja tu aliyetambulika, mkimbiaji Joshua Cheptegei, amekatwa gazetini akiwa na medali shingoni. Aliyembandika ni kijana mkimya ambaye hukimbia kutoka kwao hadi shuleni, na si kwa mazoezi, ni kwa sababu ya kuchelewa. Nilimuuliza kama anajua kilichotokea Kololo. Hakujua; alikuwa bado mdogo. Nikamsimulia. Tarehe 26 Machi 2017 mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kololo, Kampala, na Cheptegei, kijana wa Kapchorwa, mbele ya watu wake mwenyewe, aliongoza mbio za wanaume hadi mzunguko wa mwisho. Kisha miguu ikagoma. Akapitwa na mmoja, akapitwa na kundi zima, akamaliza wa 30 akiyumba kama mlevi, uwanja uliokuwa ukipiga kelele ukiwa umenyamaza. Mwaka 2019 aliushinda ubingwa uleule kule Aarhus, Denmark, na mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya mita 10,000 Doha. Mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa kwa korona, alivunja rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000. Tokyo alipata dhahabu na fedha. Paris, mwaka 2024, alishinda mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 43.14, rekodi ya Olimpiki.

Wiki iliyofuata yule kijana alileta ubao wake mezani kwangu. Picha ya Kololo hakuipata, kwa hiyo aliichora kwa kalamu ya risasi pembeni ya medali: mtu amejikunja, miguu mirefu kupita kiasi, kichwa kidogo kama cha kuku. Mchoro wa ovyo. Ndio ubao bora niliouona mwaka huu.

Mtoto hawezi kubandika kazi ambayo hajawahi kuisikia. Hapo ndipo majarida ya ndege na ya samani yanapotuangusha zaidi, na hapo ndipo sisi tulio mpakani hatuna kisingizio. Boda boda ilizaliwa hapa. Ni baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo kati ya Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, na jina likaenea Afrika Mashariki yote. Tangu mwaka 2018 tuna kituo cha pamoja cha mpakani ambapo maafisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Ukitoka nje ya lango la shule utakutana na mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani, wabadilishaji fedha wanaopiga hesabu ya sarafu mbili kichwani bila kikokotoo, madereva wa malori waliolala Mombasa juzi, wakaguzi wa mazao, mafundi wa majokofu ya samaki. Kwenye mbao arobaini na kitu sikumwona hata mmoja wao. Wakala wa forodha, kwa mfano, ana mafunzo na cheti kinachotambulika katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si kazi ya kubahatisha. Lakini mwanafunzi anamwona kila siku, na nadhani tumemfundisha, bila kulisema waziwazi, kwamba kinachoonekana kila siku hakiwezi kuwa maono.

Udaktari nao uko hivyohivyo. Msichana akipenda tiba, neno analolijua ni daktari. Hajui kwamba kituo cha afya cha daraja la tatu, kile anachopelekwa akiumwa malaria, kwa kawaida huongozwa na afisa tabibu mwenye diploma, na kwamba chini ya paa lile kuna mkunga, mtu wa maabara, muuguzi na mtunza kumbukumbu, kila mmoja na njia yake ya masomo na gharama yake. Anabandika koti jeupe, anafika S6, pointi zinapungua kidogo, anajihesabu amefeli maisha. Ubao ulimwonyesha mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi.

Mwalimu mwenzangu wa Fizikia aliniambia chai ya saa nne: "Mwalimu, wewe unawavunja moyo watoto. Mtoto anataka urubani, wewe unampa boda boda." Nilimjibu kwa swali. Je, wale marubani watatu wanajua kwamba chuo cha urubani kiko Soroti, saa chache tu kwa gari kutoka hapa? Kilianzishwa mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, kusomesha marubani wa nchi zote tatu. Hakuna hata mmoja aliyekijua. Ndege waliyoibandika ilikuwa ya shirika la Ghuba, inapaa juu ya jangwa. Mimi sitaki wapunguze ukubwa wa picha. Nataka waandike Soroti chini yake, waandike Fizikia na Hisabati, kisha wakamuulize huyohuyo mwalimu wa Fizikia kwa nini alama yao ya muhula uliopita iko vile ilivyo. Alicheka, akakubali kuulizwa.

Suala la masomo lastahili nafasi kubwa kuliko gari. Mwanafunzi wa Uganda anayemaliza S4 huchagua kombinesheni ya masomo atakayosoma S5 na S6, na uamuzi huo, ambao wengi huufanya kwa kufuata marafiki au kwa kufuata shule iliyowapokea, ndio unaofunga na kufungua milango ya chuo kikuu. Makerere na vyuo vingine vya umma hupima masomo kwa uzito usio sawa. Masomo mawili ya msingi kwa kozi husika huzidishwa kwa tatu, moja linalohusiana huzidishwa kwa mbili, na mengine kwa moja au nusu. A ni pointi 6, B ni 5, na kuendelea hadi E yenye 2. Chukua udaktari: Biolojia na Kemia ndizo za msingi. Mwanafunzi mwenye A ya Biolojia na C ya Kemia ana 18 na 12 kabla ya lile somo la tatu. Mwenzake mwenye B zote mbili ana 15 na 15. Wako sawa! Niliandika hesabu hii ubaoni, ubao halisi wa chaki, na darasa lililokuwa likisinzia likaamka. Msichana mmoja akauliza kuhusu pointi 1.5 ambazo wasichana huongezewa, utaratibu ulioanza Makerere mwaka 1990. Ghafla tulikuwa tunazungumza juu ya maono yenye meno.

Pesa nitazigusa kwa ufupi, kwa sababu wazazi wanazijua kuliko mimi. Ubao usiotaja karo ni ubao wa mtoto wa tajiri, hata kama aliyeubandika hana neti ya mbu. Bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ipo tangu 2014; hulipa ada ya masomo, lakini kitanda na chakula mwanafunzi hujitafutia. Hilo liandikwe. Na njia ya ufundi baada ya S4 iandikwe kama njia, isiwekwe kama adhabu ya walioshindwa.

Kisha kuna tarehe, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Februari 2020, nikiwa na ari mpya, niliwaambia wanafunzi wa S3 wa wakati ule waandike mwaka chini ya kila picha. S4 2021. S6 2023. Shahada 2027. Tulizitundika nyuma ya darasa. Machi shule zikafungwa. Madarasa ya mitihani yaliitwa mapema, mengine yakaingia kwa awamu, tukafungwa tena, na shule zote hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kama huo. Niliporudi mchwa walikuwa wamekula pembe za manila, lakini tarehe zilisomeka vizuri. Baadhi ya wenye mbao zile walikuwa wameolewa, wengine wako barabarani na pikipiki. Mmoja alikuja kuomba barua ya shule akiwa na mtoto mgongoni, akautazama ubao wake, akasema, "Mwalimu, huu utoe." Niliutoa. Sijawahi tena kumwandikisha mtoto mwaka bila kumuuliza swali la pili: mambo yakikwama, utaanza upya kutoka wapi?

Mafuta ya ardhini ya Uganda nayo yametufundisha jambo hilohilo. Yalitangazwa kuwa ya kutosha kuuzwa mwaka 2006, na tangu hapo kofia ngumu ya rangi ya chungwa ikawa mgeni wa kudumu kwenye mbao za wavulana. Uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulikuja Februari 2022, pamoja na bomba la kilomita 1,443 la kwenda Tanga. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo alikuwa ameshaota ndevu. Waliosomea uchomeleaji wakapata kazi mahali pengine walikula. Waliosubiri Hoima pekee, kwenye mafuta yenyewe, walisubiri sana. Tarehe nyingine ziko mikononi mwa mwanafunzi, nyingine ziko mikononi mwa wakubwa, na ubao mzuri huziandika kwa kalamu mbili tofauti.

Lipo jaribio moja ambalo naliona kama ndugu mkubwa wa kazi hii. Daphna Oyserman na wenzake walifanya kazi na wanafunzi wa shule za kipato cha chini huko Detroit, na matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Nao walianza na picha: wanafunzi walichagua picha za watu wazima waliowafanania vile wanavyotaka kuwa. Lakini hawakuishia hapo. Walichora mstari wa maisha wenye njia panda na vizuizi, wakazungumza pamoja juu ya vizuizi hivyo, na wakafika mahali pa kuona kwamba ugumu wa masomo ni sehemu ya safari ya kila mtu, kwamba hausemi kuwa shule si ya watu kama wao. Mahudhurio na alama zilipanda, na tofauti bado ilionekana baada ya miaka miwili. Haikuwa asubuhi moja ya gundi. Ilikuwa vipindi kadhaa vilivyofuatana kwa wiki nyingi.

Tunao uwezo huo bila mfadhili. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020, Kiswahili ni somo la lazima S1 na S2, na kazi za shuleni huchangia asilimia 20 ya alama za mwisho. Basi mimi nauanza ubao mapema, S2, na siuanzi kwa mkasi. Nauanza kwa mahojiano ya Kiswahili. Kila mwanafunzi anamtafuta mtu mmoja anayefanya kazi karibu na ile anayoitamani, anamsalimia kwa adabu, anamuuliza maswali manne: Jumatatu huamka saa ngapi? Shuleni ulichukia somo gani? Nani alikulipia karo? Ulitaka kuacha lini? Madereva wa malori, ambao Kiswahili chao kimetembea kuliko changu, wamekuwa walimu wangu wasaidizi bila mshahara. Picha hubandikwa mwisho.

Wala mbao sizitundiki tena ukutani. Ukuta huwafanya watoto washindane kwa ukubwa wa nyumba, na yule aliyebandika duka la vifaa vya baiskeli huchekwa hadi aliondoe. Ubao hukaa ndani ya jalada la daftari, hufunguliwa kila mwanzo wa muhula, hufutwa, huongezwa.

Katika lile darasa la S3, msichana mmoja kati ya wale wenye picha ya mama wa Kizungu aliniomba maswali ya wadogo zake wa S2. Alikwenda kituo cha afya jirani, akakaa benchi saa mbili na wagonjwa, hadi afisa tabibu, ambaye kila mtu humwita musawo, yaani daktari, akampa dakika kumi. Huamka saa kumi na moja. Alichukia Kemia. Karo ililipwa na shangazi aliyekuwa akiuza mukene, yaani dagaa, sokoni. Alitaka kuacha mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshafunga sanduku. Msichana aliyaandika yote, kisha akambandua yule mama wa koti jeupe, na gundi ikabaki na alama ya mraba katikati ya manila. Aliniuliza kama anaweza kuiacha nafasi ile wazi hadi muhula wa pili, kwa kuwa kijana wa maabara amemwambia arudi aone darubini. Nikamwambia aiache.